Wachora ramani walionipunguzia nyumba, na bado nawapa nyota nne

Nianze na hela maana najua ndo kitu cha kwanza mnachotafuta. Ramani ya kwanza nilinunua kwenye simu kwa laki na nusu, nyumba nzuri balaa, vyumba vinne, masta mbili, paa lile la kisasa la kuficha, na kwenye picha kuna gari jeusi limepaki na maua yamekatwa duara kama kofia. Ramani ya pili nimechorewa na ofisi moja ya hapahapa Tanga mjini kwa laki sita ambayo ikaja kufika laki saba na ishirini, nyumba ndogo kuliko ile, haina gari wala maua, na ndo hiyo nimekaa usiku huu watoto wamelala naiandikia sifa. Sio zote sifa, kuna mahali walinikera na ntasema, ila twende taratibu.

Jina la ofisi silitaji. Mzee mwenyewe kaniambia akiongezewa wateja zaidi ya alionao binti yake atamkimbia, na binti ndo anayejua kompyuta. Ntaeleza tu walivyofanya kazi, we ukienda ofisi yoyote angalia kama wanafanya hivyo hivyo.

Kiwanja chetu kiko Kange, mita 20 kwa 24, kwaiyo skwea mita 480, kimepimwa, hati ipo. Mi nimezaliwa Ngamiani kwenye nyumba ya korido katikati, vyumba sita, uani kuna choo, jiko na mti wa mpera, watu ishirini na kitu. Nikawa naona kiwanja cha 480 ni uwanja wa ndege. Nkamwambia mume wangu tujenge kitu kinachoeleweka, tukashuka kwenye simu tukapitia ramani mpaka saa sita usiku, tukaipata hiyo ya gari jeusi, tukatuma hela, ikaja faili, tukaenda kuprinti, tukaibandika ukutani sebuleni kwa wapangishaji wetu kama kalenda. Na kwa kuwa tulitaka na vyumba viwili vya kupangisha nyuma tukavichora wenyewe kwa kalamu. Tulivyojiona mafundi.

Fundi alipoiona akasema hii ni kuanza tu, andaa mchanga. Bahati nzuri mume wangu kazini kwake kuna mtu aliwahi kusimamishwa ujenzi ukuta ukiwa umefika kwenye linta, akamwambia wee, kibali kwanza. Nkabeba ramani yangu mpaka halmashauri. Yule afisa aliyenipokea alikuwa mpole tu, akaigeuza geuza ile karatasi akaniuliza, ujazo wa kiwanja umeandikwa wapi hapa?

Mi nkajua ananiuliza kina cha msingi. Nkamjibu fundi atajua. Akacheka kidogo akanielewesha, kumbe ujazo wa kiwanja ni ile sehemu ya kiwanja inayokaliwa na jengo, unachukua eneo la jengo linavyokalia ardhi, unagawa kwa eneo la kiwanja, unapata asilimia. Na ramani ya kuombea kibali inatakiwa iwe nayo, pamoja na namba ya kiwanja na mahali kilipo, jina la mmiliki, jina la aliyechora, umbali wa jengo mpaka kila mpaka wa kiwanja, maegesho, na mfumo wa maji taka unapoishia. Yangu ilikuwa na gari jeusi.

Nkampigia aliyeniuzia. Akanijibu kwa meseji, "ramani zetu zinakaa kiwanja chochote dada angu." Nkamwandikia vipimo vya kiwanja, mita 20 kwa 24. Tiki mbili za bluu. Mpaka leo ni tiki mbili za bluu.

Kwenye benchi pale nje kulikuwa na mama mmoja ana bahasha kama yangu, ndo akanielekeza kwa huyu mzee. Ofisi yenyewe usitegemee kiyoyozi, ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, feni moja, meza ya kuchorea ya zamani ya mbao imelala imekuwa ya kuwekea chai, na kompyuta moja ya binti. Mzee ana miwani imefungwa uzi. Nkamwamkia, akaitika marahaba mwanangu, nkamkunjulia ramani yangu ya gari jeusi. Hakuiangalia. Yani aliisogeza pembeni akaniuliza, kiwanja unacho wapi, twende.

Hapo ndo nyota ya kwanza. Nimeongea na watu watatu wanaochora ramani kabla na baada ya hapo, hamna hata mmoja aliyeniambia twende kiwanjani, wote walianza na unataka vyumba vingapi.

Tukapanda bajaji mimi na yeye na mwanangu wa darasa la sita, mzee ana tepu ya mita 30 na kirobota cha chokaa nusu. Kufika cha kwanza akatafuta bikoni, zile alama za kona za kiwanja. Majani yalikuwa mpaka kiunoni, akafyeka mwenyewe kwa panga la kuazima, tukapata ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne hakuna. Jirani wa nyuma kapanga tofali zake mia ngapi sijui pale pale kwenye kona. Mzee akasema sawa, tatu zinatosha kwa leo ila hiyo ya nne uidai, usianze msingi hujaiona.

Kisha akaniuliza vipimo vya ile nyumba ya kwenye simu. Upana 15.6, kwenda nyuma 17.5. Akamshikisha mwanangu ncha ya tepu, akaanza kumwaga chokaa chini kidogo kidogo kama anayechora uwanja wa mpira. Akaiweka ile nyumba yote pale chini kwa ukubwa wake kamili. Mbele zikabaki mita 3 mpaka barabarani, kila ubavu mita 2 na sentimita 20, nyuma mita 3 na nusu. Alafu akachora na vile vyumba vyangu vya kalamu, mita 3 kwa 8, vimegusa mpaka wa jirani kabisa kwa nyuma. Kati ya ukuta wa jiko na ukuta wa wapangaji ikabaki nusu mita.

Akaniita. Haya mwanangu, ingia uani kwako. Nkaingia kwenye ile nusu mita. Akasema sasa anika hiyo kanga.

Jamani. Nilikuwa nimejifunga kanga juu ya gauni kwa sababu ya majani, nkaivua nkajaribu kuinyoosha, mkono mmoja uko kwa wapangaji na mwingine uko jikoni kwangu. Mwanangu kacheka mpaka kakaa chini. Mzee hakucheka, aliniuliza tu na kuku utawaweka wapi, na siku ya shughuli masufuria ya pilau utayapika wapi, na maiti ikitoka ndani inapita wapi. Hilo la mwisho lilinikata maini kidogo maana baba yangu alipofariki pale Ngamiani jeneza lilipita uani kwa jirani, kwetu lilikuwa halikati kona.

Ndo akaja kwenye hesabu. Nyumba skwea mita 273, vyumba vya nyuma 24, jumla 297, gawa kwa 480, unapata asilimia 62 kasoro. Akasema hii hawatakupitishia, na mimi siiweki jina langu. Sasa mtaniuliza kikomo ni asilimia ngapi. Makusudi siiandiki, kwa sababu nimeona watu wanachukua asilimia ya mwenzao wa mtaa mwingine wanaenda nayo kifua mbele. Kikomo kinafuata daraja la kiwanja chako, viwanja vidogo vya msongamano mkubwa vinaruhusiwa kujengwa sehemu kubwa zaidi ya ardhi, vile vikubwa vya msongamano mdogo unatakiwa uache sehemu kubwa wazi, na matumizi nayo yanahusika, kiwanja cha biashara sio cha makazi. Nenda na namba ya kiwanja na kitalu chako kwa afisa mipango miji akwambie chako. Dakika kumi.

Mi nikabisha. Nkasema mzee mbona Ngamiani nyumba zimekula kiwanja chote na watu wanaishi. Akanijibu we umeishi pale, niambie masika inakuwaje. Nkanyamaza. Maana najua inakuwaje. Dirisha la chumba chetu lilikuwa linaangaliana na mchirizi wa bati la jirani, mvua ikinyesha hatufungui, isiponyesha hatufungui vilevile kwa sababu ya moshi wa jiko lao, kwaiyo dirisha lilikuwa pambo. Na uani maji yanajaa mpaka kizingiti cha choo, mama anapanga tofali tunaruka ruka kama mbayuwayu.

Akaniambia kitu ambacho nimekihesabu mwenyewe nyumbani kwa simu na ni kweli. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye skwea mita moja ni lita moja ya maji. Sasa mvua ya Tanga tunaijua, siku moja ya masika ikishusha milimita 50 juu ya skwea mita 297 za paa hiyo ni lita 14,850. Ndoo za lita 20 kama mia saba arobaini hivi. Kwa siku moja. Ardhi iliyobaki wazi ndo inatakiwa inywe hayo maji pamoja na ya kwake yenyewe, na kama umeimwagia zege yote au umepanga pevingi ukuta kwa ukuta basi maji yanatafuta pa kwenda, na pa kwenda ni kwa jirani aliye chini yako. Mi niliyekuwa naona hii sheria ni bugudha ya kula hela za watu nkaanza kuangalia kiwanja kinaelekea wapi. Kinaelekea kwa yule mwenye tofali.

Alafu likaja la shimo. Na hili nalisema kwa kirefu kwa sababu ndo lililomaliza ubishi. Nkamuuliza mzee sasa kwenye ile ramani yangu shimo la choo lingekaa wapi. Akaniambia nionyeshe wewe. Nkazunguka ile chokaa yote. Ubavuni mita 2.2, shimo na ukuta wa nyumba vitakuwa vimekumbatiana. Nyuma hamna kitu. Likabaki mbele, kwenye zile mita 3, katikati ya geti na mlango wa sebule. Yani mgeni anaingia, anakanyaga mfuniko wa chemba, anabisha hodi. Na jirani wa kushoto ana kisima, huwezi kulisogeza upande wake. Na mzee akakumbusha kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, siku likijaa gari la kunyonya litasimama wapi na mpira wake utapita wapi. Kwa ile nyumba ya gari jeusi mpira ungepita sebuleni.

Mume wangu jioni nlipomsimulia hakuamini, kesho yake asubuhi kabla ya kazi akaenda kiwanjani mwenyewe na pikipiki. Chokaa bado ilikuwepo. Alirudi kimya.

Kimya hakikuchukua muda. Tulipoenda ofisini wote wawili akamwambia mzee basi punguza nyumba ila mbele tuwekee fremu mbili za biashara, barabara ile itachangamka. Mzee akamwambia baba, hati yako inasema makazi, fremu ni kubadili matumizi ya ardhi, hiyo ni safari nyingine na ina maombi yake, ukiichomeka humu unaharibu na hii. Mume wangu akataka kubishana, binti bila kutoa macho kwenye kompyuta akasema na fremu nazo zinahesabiwa kwenye ujazo. Ikaishia hapo. Kwa huyu binti kila kilichosimama chini ya paa kinahesabiwa, veranda, kibanda cha gari, stoo, banda la kuku la tofali. Kuna wachoraji wanahesabu kuta za ndani tu ili namba ionekane ndogo, alafu veranda ya mita mbili na nusu inazunguka nyumba nzima kama mkanda na haimo kwenye hesabu, hao ndo ramani zao zinarudi.

Mzee akatupa njia mbili. Ya kwanza ghorofa. Kama mnataka vyumba vyenu vyote vinne na wapangaji, pandeni juu, kwa sababu ujazo unaangalia jengo linavyokaa chini, sakafu za juu zina namba yake nyingine inaitwa uwiano, unajumlisha sakafu zote ndo unagawa kwa kiwanja. Kwaiyo nyumba inaweza kuwa na ujazo mdogo na uwiano mkubwa. Ni kweli na nimeipenda kwa jinsi ilivyokaa kwenye akili, ila alipoanza kutaja nguzo, nondo, zege la slabu, michoro ya mhandisi, ngazi nayo inakula chumba, tukaangaliana na mume wangu tukasema tunashukuru.

Njia ya pili ni kubana. Na hapa ndo nliona thamani ya laki sita. Mzee alichukua ile ramani ya simu, kwa mara ya kwanza, na kalamu nyekundu. Akauliza mnakula wapi. Tukasema sebuleni, kwenye mkeka, mbele ya tivii. Akafuta dainingi. Akauliza masta ya pili ya nani. Ya wageni. Wageni wanakuja mara ngapi. Mara moja kwa mwaka, Idi. Akafuta masta ya pili akaacha chumba cha kawaida kikatazamana na choo cha pamoja, akasema hicho mpe mama mkwe, usiku hatembei mbali. Alijuaje kama mama mkwe anakaa na sisi sijui, sikumbuki kumwambia. Akafika kwenye korido. Korido ilikuwa mita moja na nusu kwa tisa. Akapiga hesabu pembeni, skwea mita 13.5. Chumba cha wanangu kwenye ramani hiyo hiyo kilikuwa 10.8. Akasema mnajenga barabara kubwa kuliko chumba cha watoto. Akaikunja korido ikawa kipande cha mita tatu.

Mpaka anamaliza nyumba imekuwa mita 13 kwa 12.4, vyumba vitatu, masta moja, skwea mita 161 na pointi. Jiko la nje na stoo nyuma, 3 kwa 4, ingine 12. Jumla 173 na ushee, asilimia 36 ya kiwanja. Mbele mita 5, nyuma 6.6, ubavu mmoja 3 na mwingine 4 ili gari la maji taka lipite mpaka shimoni, na siku ya mazishi, hakusema ila mi nliielewa. Ghafla nkawa nina ua. Kamba ya nguo, kuku, mpera, nafasi ya shughuli, na pale kwenye mteremko akachora karo la kupokea maji ya gata.

Ramani yangu ikapita. Yani ile hofu ya nenda rudi haikuwepo kwa upande wa ujazo na umbali wa mipaka. Ilirudi mara moja kwa kosa lingine na hilo ndo linanipeleka kwenye malalamiko.

Malalamiko la kwanza, muda. Waliniambia wiki mbili, zilikuwa saba. Saba! Kompyuta iliharibika, umeme, binti alikuwa na mtihani, na siku Coastal Union wakiwa na mechi Mkwakwani usimtafute mzee baada ya saa nane mchana, simu inaita mfukoni jukwaani. Nisingekuwa mvumilivu ningeshachukua hela zangu. La pili, kwenye karatasi ya mwisho waliandika namba ya kiwanja ya mteja mwingine, kitalu kingine kabisa, nikaenda nayo nikarudishwa nayo, nauli yangu na ruhusa ya kazini. Waliomba radhi na wakaprinti upya bure lakini siku yangu hawakuirudisha. La tatu ndo ile laki sita iliyokuwa laki saba na ishirini, eti michoro ya mhandisi na kuprinti seti zote havikuwemo. Ungesema mwanzo basi. Mzee akaniambia nilisema, we ulikuwa unanyoosha kanga. Sikupata la kujibu lakini bado ni kosa lao, bei inaandikwa.

Mtu wangu wa karibu, mtoto wa shangazi, yuko Ujerumani miaka mingi, nlivyomsimulia kisa cha asilimia akasema hilo kwao ni wimbo wa kila siku. Wana kanuni ya tangu 1962, imerekebishwa rekebishwa, kwenye maeneo ya makazi ya kawaida namba ni 0.4, yani nyumba inakalia asilimia 40 ya kiwanja, na gereji, njia ya gari na vibanda navyo vinahesabiwa, vinaweza kuizidisha hiyo namba kwa nusu yake, na hata ikizidi vipi mwisho kabisa ni 0.8. Kwaiyo kule hata sehemu ya kupaki gari uliyoimwagia zege inaliwa kwenye hesabu. Nkamwambia mume wangu, unaona, angekuwa mzee wetu yuko kule asingekuacha hata na pevingi. Mume wangu kasema ndo maana hajapanga kwenda.

Kwa wanaotaka kununua ramani za simu, sisemi msinunue, zinasaidia kujua unapenda nini, mi mwenyewe madirisha ya sebule nimeyachukua kule. Ila usianzie hapo. Ile picha imechorwa kiwanja kisichokuwepo, hakina jirani, hakina mteremko, hakina shimo la choo, na mchoraji hatakuwepo kwenye benchi na wewe. Uliza kabla hujalipa: ramani itakuwa na ujazo na umbali wa mipaka kwa kiwanja changu mimi? Nani anaweka jina na muhuri? Mbunifu majengo na mhandisi wanasajiliwa na bodi zao, jina unaweza kulicheki. Akikwambia inakaa kiwanja chochote, funga simu.

Na kwa wale watakaoniambia jirani yako mbona kajaza mpaka kwenye uzio na hajafanywa kitu, ni kweli, yupo mmoja wa mtaa wa pili kajenga nyumba, fremu na vyumba vya wapangaji vimeshonana kama meno, na mvua za juzi maji yake yalikuwa yanatoka chini ya geti kama bomba limepasuka. Anaishi humo. Wapangaji wake wanaanika nguo juu ya uzio wa barabarani na vumbi la bodaboda. Simsemi vibaya, labda na yeye aliuziwa gari jeusi.

Kwa hiyo nyota nne. Moja nimeinyima kwa zile wiki saba na ile namba ya kiwanja cha watu. Kazi ya kiwanjani ningeipa sita kama zingekuwepo. Ukienda wachukulie nakala ya hati, vaa viatu vya kufunika, na waandikishe bei yote kwenye karatasi pamoja na michoro ya mhandisi kabla hamjapanda bajaji.

Sisi sasa hivi tumeshasafisha, mchanga tripu mbili umeshuka, kibali kiko kwenye bahasha juu ya kabati. Msingi bado. Bikoni ya nne iko palepale chini ya tofali za jirani, kaahidi atazihamisha baada ya Idi, na mwanangu kila tukipita ananiuliza kama nimebeba kanga.